Sabuni ya mawese: uzoefu wangu wa miezi saba, Kigoma

Mche wa kwanza niliununua soko la Mwanga siku ya Jumamosi. Kufika Jumatano ulikuwa mlenda. Niliuweka juu ya saruji pale bafuni, palepale ambapo sabuni ya kiwandani ilikaa wiki tatu bila neno, na asubuhi nikaukuta umelala kwenye kidimbwi chake, upande wa chini unachoteka kwa kidole. Nikajua nimepigwa. Elfu tatu yangu imekwenda na maji.

Tena mikono iliwasha. Mtoto wa dada yangu, aliyekuja likizo, aliiogea mara moja tu akatoka analalamika: "Mama mdogo, hii sabuni inachoma!"

Nikarudi kwa yule mama aliyeniuzia, maneno yangu nimeshayapanga. Hakubishana. Aliuliza tu, "Mwanangu, ulianza kuitumia lini?" Siku ileile, nikamjibu. Akacheka. "Hiyo mbichi. Sisi wenyewe tunaikalisha mwezi." Wakati anapokea hela hakulisema hilo, na hapo bado namlaumu. Kisha akachukua kipande kilichokuwa nyuma ya meza, akakikwangua pembeni kwa ukucha, akagusisha ncha ya ulimi. "Ikikuuma kama betri ya redio, irudishe ikakae."

Tangu siku hiyo sijaacha kuinunua, ila siitumii ile ya leo.

Mawese yakichanganywa na maji ya kostiki soda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, hugeuka sabuni, na humo humo inazaliwa glisirini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha siku ya kwanza na ya pili. Kinachobaki ni kostiki kidogo isiyogeuka bado, ndiyo inayochoma, na maji yale yaliyoiyeyusha, nayo hayana haraka ya kutoka: wiki nne hadi sita. Nilikipeleka kipande kimoja kwenye mizani ya duka la jirani, kikaonyesha gramu 260. Wiki tano baadaye kilikuwa 225, na ukikigonga kwa kucha kinalia kama mbao. Kipande hicho kilinikalia bafuni muda mrefu kuliko mche mzima wa kwanza, sitanii.

Ila kukalisha si kufungia kwenye mfuko wa nailoni, maana itatota humo humo. Mche nikiufikisha nyumbani naukata siku hiyohiyo ungali laini, kwa uzi wa nailoni, kisu kinavunja kingo. Vipande navipanga juu ya kabati, kimoja mbali na kingine, navigeuza kila nikikumbuka. Kwanza nilikuwa navianika dirishani. Baada ya wiki mbili upande uliotazama jua ulikuwa umepauka kama siagi na wa nyuma bado rangi ya chungwa. Ile rangi ya mawese haistahimili mwanga. Kwa kusafisha, sikuona tofauti yoyote.

Bafuni nako sabuni inataka pa kukaa. Fundi alinipigilia vibao vitatu vyenye nafasi katikati, maji yanapita, hewa inapita. Natumia vipande viwili kwa zamu, kimoja leo, kingine kesho, ili kila kimoja kipate kukauka. Wakati wa masika, hata hivyo, utaikuta inatoka jasho, matone kabisa juu yake, hasa usiku wa mvua. Haijaharibika. Ni glisirini inavuta unyevu wa hewani. Futa, endelea. Vijipande vya mwisho natia ndani ya dodoki na kulifunga, vinaisha vyote.

Kuhusu povu, uliza imepikwa na nini. Ya mawese matupu ni ngumu lakini povu lake dogo, zito kama la maziwa. Ya mise, yaani mafuta ya kokwa la ndani la chikichi, inatoa povu jingi hadi raha, lakini ikiwa ya mise tupu ngozi yangu inabaki imekaza kama ngoma. Iliyochanganywa ndiyo yangu. Kola za sare za shule na masufuria ya masizi inavisafisha vizuri, na mikono iliyoparua dagaa pia, ingawa ya dagaa ongeza limau.

Nywele, hapana. Nilijaribu mara mbili, zikawa ngumu kama katani. Na ukiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, povu linagoma na beseni linabaki na utando mweupe. Kwa maji ya mvua sabuni ileile inafurika. Harufu pia niseme: ikiwa changa inanukia kama jikoni, na manukato wanayotia wengine yanaisha kabla ya kipande kuisha. Nikitoka kuoga napaka mafuta, bila hivyo miguu inapauka.

Siku hizi kila kipande nakichora tarehe kwa msumari kabla hakijakauka. Yule mtoto wa dada amerudi tena likizo. Jana alisimama chini ya kabati akauliza ipi ya kuogea, nikamwambia asome mwenyewe, achukue yenye tarehe ya zamani. Amemaliza kuoga, hajalalamika.