Kambi ya moyo kwa akina mama Kigoma: uzoefu wangu wa huduma, kuanzia foleni hadi rufaa

Ninaizungumzia huduma ya tiba mkoba ya moyo kwa wanawake: hospitali kubwa inatoa madaktari bingwa na mashine, inapiga kambi kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya, inapima kwa siku chache, kisha inaondoka. Nimeitumia kama mgonjwa wa presha, na nimesindikiza ndugu na majirani kwenye kambi za mjini Kigoma na za Kasulu. Sitaji hospitali yoyote, kwa kuwa mazuri na mapungufu ninayoyaeleza nimeyakuta kwa zaidi ya moja. Maoni yangu ni kwamba huduma hii inafaa sana, nendeni. Mama wa Buhigwe akiambiwa afuate vipimo hivi Dar es Salaam, nauli peke yake inamrudisha nyuma. Ila uzuri wa kambi unaonekana kwenye kile inachokiacha zahanati gari likishaondoka, na hapo bado pana kazi kubwa.

Nianze na meza ya presha, kwa sababu kila mtu anapita hapo na makosa mengi yanafanyika hapo. Mama amekuja kwa miguu toka Gungu, amesimama foleni juani, anakalishwa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkanda unafungwa juu ya mkono wa gauni, na huku anaulizwa jina la mwenyekiti wa mtaa. Namba itakayotoka hapo haina maana. Kipimo sahihi kinataka ukae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote zimegusa sakafu bila kukunja nne, mkono mtupu umelazwa mezani usawa wa moyo. Uwe umetoka msalani, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kahawa ya Kalinzi, sigara na kazi nzito viachwe nusu saa kabla. Wapime mara mbili, wakipisha dakika moja au mbili, na siku ya kwanza wapime mikono yote miwili. Mkono uliosoma juu zaidi ndio utakaotumika siku zote.

Angalieni na mkanda wenyewe. Ule wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 27 hadi 34. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda huo, mashine inasoma juu kuliko hali halisi, naye anaondoka na dawa ambazo pengine hazihitaji. Ulizeni bila haya: "Nesi, mna mkanda mkubwa?" Kambi iliyojiandaa inao. Isiyojiandaa inalazimisha ule mmoja kwa kila mtu, na mimi kambi ya namna hiyo siipi alama nzuri hata kama ina mashine za kisasa kiasi gani.

Ukisoma 140/90 au zaidi, usikubali kuandikwa mgonjwa wa presha wa maisha kwa siku moja ya kambi. Kipimo kirudiwe siku nyingine, ndani ya wiki nne, zahanati ya karibu. Anayesoma 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, huyo ni wa dharura, haachwi arudi foleni. Mjamzito ana mipaka yake: 140/90 tayari ni jambo la kushughulikiwa siku hiyohiyo, na 160/110 ni hatari kwake na kwa mtoto.

Jambo linalotofautisha kambi ya moyo ya akina mama na upimaji wa kawaida wa viwanjani ni maswali, na hapa ninasifu kwa moyo wote kambi zilizomweka mkunga kwenye meza ya historia. Mkunga anauliza yale ambayo daktari wa moyo mwenye foleni ndefu anayaruka. Presha ilipanda katika ujauzito wowote? Ulipata kifafa cha mimba, au kisukari cha mimba? Ulijifungua kabla ya wakati? Hedhi ilikoma kabla ya miaka 40? Mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake yuko katika hatari ya magonjwa ya moyo karibu mara mbili ya mwenzake, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua na sasa mtoto yuko sekondari. Wengi hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa "imeisha" wakarudi nyumbani. Kwa hiyo bebeni kadi za kliniki za ujauzito, hata za zamani zilizochakaa. Zina presha zenu za wakati ule, tena kwa tarehe.

Swali lingine linalookoa maisha ni hili: je, tangu ulipojifungua, unaweza kulala chali bila kukosa pumzi? Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo kuchoka unaoanza mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi 5 ya mwanzo baada ya kujifungua. Dalili zake ni kuhema, kikohozi cha usiku, kulala kwa mito mingi, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio. Nyumbani husemwa ni uchovu wa uzazi, au mama hakukandwa vizuri. Zahanati anaweza kupewa dawa ya nimonia. Huyu anahitaji eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na anaihitaji haraka.

Sasa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kinahitaji vibandiko kumi: vinne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Kifua lazima kiwe wazi, na hapa ndipo kambi nyingi zinawakosea wanawake. Hema la turubai lenye mlango unaopeperuka, vijana wa usajili wanakatiza, na mama anajikunyata chini ya khanga. Stara ikikosekana na kipimo kinaharibika, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa: mpimaji anaona aibu kulisogeza titi, anabandika juu yake au juu mno karibu na mtulinga, na karatasi inatoka ikionyesha kasoro ambayo haipo, au inaficha iliyopo. Vibandiko viwili vya mwanzo vinakaa pembeni mwa mfupa wa kifua, kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu; cha nne kinakaa chini ya titi, nafasi ya tano. Mama akitetemeka kwa baridi au woga, mistari nayo inatetemeka. Chumba chenye pazia, mpimaji wa kike na shuka safi havigharimu kitu kikubwa. Nawaomba waandaaji wavihesabu kama sehemu ya mashine.

Kwa upande wenu, vaeni blauzi na kitenge, msivae gauni la kipande kimoja, ili kufungua juu kusiwe kuvua yote. Msijipake mafuta kifuani asubuhi hiyo, vibandiko havishiki. Na mjue kwamba ECG nzuri haimaanishi valvu, yaani milango ya ndani ya moyo, ni nzima. Aliyeugua homa ya viungo utotoni baada ya mafindofindo anaweza kuwa na valvu iliyosinyaa na ECG isionyeshe kitu cha kutisha. Valvu hiyo mara nyingi hujitokeza kwenye ujauzito, kwa sababu damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, na mlango mwembamba hauwezi kuipitisha.

Eko ndiyo kipimo kinachogombaniwa, na lawama nyingi ninazozisikia zinatoka hapo: "Tulikaa kutwa, eko tusiipate." Pigeni hesabu. Eko kamili ni kama dakika 20 kwa mtu mmoja akiwa amelala ubavu wa kushoto. Saa nane za kazi bila kupumzika ni watu 24 kwa mashine moja. Kambi inayotangaza kwenye spika kwamba kila atakayekuja atapimwa eko inadanganya umma. Iliyo bora inachuja kwa uwazi: anayehema, mwenye sauti isiyo ya kawaida kwenye stetoskopu, mwenye mapigo yasiyopangika, mjamzito au mzazi mwenye dalili, aliyewahi kuugua homa ya viungo, mwenye ECG yenye kasoro. Hao waingie kwanza, hata wakifika saa sita, na wenye namba za mbele waelezwe kwa nini. Nimeona foleni ikitulia mara tu nesi aliposimama na kueleza, kwa Kiswahili kisha kwa Kiha. Mkalimani wa Kiha ni wa lazima Kasulu na Buhigwe. Bibi zetu wengi wanaitikia "ndiyo" kwa heshima tu, na dawa zinaandikwa kwa "ndiyo" hiyo.

Tangazo la "msile chochote" nalo lirekebishwe. Kufunga kwa muda wa saa 8 kunahitajika kwa sukari ya asubuhi, ambapo 7.0 (milimoli kwa lita) kwenda juu ni dalili ya kisukari. Lakini akina mama wanaposikia hivyo wanaacha na dawa za presha, wanafika presha imepaa, wanaongezewa dozi. Dawa ya presha mezeni kama kawaida na maji. Wenye dawa za sukari waulize mapema, kwa sababu kuzimeza bila kula kunaweza kuishusha sukari vibaya. Na bebeni pakiti zenyewe za dawa zote. "Vile vidonge vyeupe" haimsaidii daktari.

Kwenye dawa nina jambo moja ninalolisisitiza. Mwanamke ambaye bado anaweza kushika mimba aulizwe hilo kabla ya kuandikiwa dawa za presha kama losatani, enalaprili au kaptopril, kwa sababu zinamdhuru mtoto tumboni. Mjamzito ana za kwake, kama methildopa na nifedipini. Vilevile, mwenye presha asiendelee na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Kitanzi na kijiti vinamfaa zaidi, na kambi yenye mkunga inaweza kulimaliza hilo hapohapo. Waelezwe pia kwamba amlodipini, dawa nyingine ya presha, inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na kwamba dawa ya kukojoza humezwa asubuhi. Mama asiyeambiwa haya anaacha dawa ndani ya mwezi, na ana haki ya kuogopa.

Somo la chakula huwa refu na la jumla mno. Tunahitaji vipimo. Chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo iliyo kwenye samaki wa chumvi. Familia ya watu sita haipaswi kumaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 16 hivi. Inayoisha kwa wiki moja inatoa jibu lenyewe. Chumvi yetu ya Uvinza ina sodiamu kama nyingine zote. Migebuka ya chumvi ilowekwe, maji yamwagwe. Mawese yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Karibu nusu yake ni mafuta yale mazito yanayoganda. Wanaokausha samaki kwa moshi na wanaopikia kuni ndani waambiwe kwamba moshi unaumiza mishipa ya moyo pia.

Rufaa ndiyo sehemu niliyoridhika nayo kidogo kuliko zote. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, Hospitali ya Bugando iko Mwanza. Zote ni safari ya kujipanga. Ukiambiwa "utaenda Dar" bila fomu ya rufaa iliyosainiwa na kugongwa mhuri, bima itakusumbua, na daktari aliyekuona ameshaondoka. Kabla hujatoka getini hakikisha una vitu hivi mkononi: karatasi ya ECG, ripoti ya eko, jina la ugonjwa limeandikwa kwa hati inayosomeka, majina na dozi za dawa, tarehe ya kurudi na jina la kituo cha kurudi. Mwenye ugonjwa wa valvu uliotokana na homa ya viungo aulize nani atamchoma sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, na kama kituo hicho kinayo.

Waandaaji nawaomba jambo linalowezekana kesho. Kituo cha afya kipewe rejista ya waliokutwa na tatizo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe orodha ya wa kijiji chake, hasa vijiji vya ufukweni kama Kagunga na Kalya ambako wengi hutegemea boti. Dawa za wiki mbili zinazogawiwa kambini zilingane na zilizopo zahanati, la sivyo mama anaanzishiwa dawa asiyoweza kuipata tena. Na siku za chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, wakati mtoto anachomwa, mama afungwe mkanda wa presha na aulizwe lile swali la kulala chali. Amekwishafika kituoni, mashine ipo, na ni dakika chache.

Mwenye maumivu ya kifua yanayopanda taya, mgongo au mkono, mwenye kuhema akiwa amelala, au aliyezimia, asingoje tangazo la kambi. Aende hospitali ya mkoa ya Maweni au hospitali ya wilaya yake siku hiyohiyo, hata usiku.