Ukumbi wa Kikapu cha Vyuo, Upanga: Je, Kadi ya Msimu Inafaa Baada ya Timu Kuhama?

Kwa misimu miwili nimekuwa mteja wa ukumbi mdogo wa kutazama mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ulioko Upanga, mwendo mfupi kwa miguu kutoka viwanja vya Don Bosco. Ukumbi hauna kibao. Wanaoufahamu husema "kwa Mama" na inatosha. Mchana ni mgahawa wa kawaida wa wali, maharage na samaki, lakini kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, usiku ukishakuwa mkubwa, meza husogezwa pembeni, shuka jeupe hutandazwa ukutani na projekta huwashwa. Kiingilio ni shilingi 3,000 kwa usiku mmoja, pamoja na kikombe cha kwanza cha chai. Wenzangu wa kikapu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipia kadi ya msimu mzima, na siwezi kuwajibu bila kueleza jambo ambalo halikuanzia Upanga: vyuo vya Marekani vimehama konferensi zao, na bidhaa tunayouziwa kwa Mama si ile ya miaka michache iliyopita.

Kwa asiyefuatilia, konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, na hapo zamani makundi hayo yalifuata ramani. Vyuo vya pwani ya Pasifiki vilikuwa pamoja katika Pac-12, vya pwani ya Atlantiki katika ACC, vya eneo la maziwa makuu ya kaskazini katika Big Ten. Mama alijenga biashara yake juu ya ramani hiyo. Aliuza kadi mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, kila moja shilingi 60,000 kwa msimu. Mwenye kadi ya Mashariki alifika saa tisa usiku, kwa kuwa mchezo unaoanza saa moja jioni New York wakati wa baridi hutufikia sisi saa hiyo, akatazama michezo miwili na kuondoka kulipopambazuka. Mwenye kadi ya Magharibi alilala usingizi wake wote, akafika saa kumi na mbili asubuhi, akaagiza supu na chapati, akatazama UCLA au Arizona kabla ya kwenda kazini. Mimi nilikuwa wa Magharibi. Nina duka Kariakoo linalofunguliwa saa tatu, na sikuwahi kupata starehe iliyolingana na ratiba yangu kama ile.

Mpangilio huo haukuvunjwa na kikapu. Ulivunjwa na fedha za mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao ndio unaoamua thamani ya mikataba ya televisheni, na kikapu kikaburutwa nyuma yake kama tela. Julai 2021 Texas na Oklahoma walitangaza kuwa wanaiacha Big 12, konferensi ya vyuo vya katikati ya nchi, na kwenda SEC, ile ya kusini mashariki. Juni 30, 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, vikatangaza kujiunga na Big Ten, na wiki chache baadaye Big Ten ikatangaza mkataba wa matangazo wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Kilichofuata kilikuwa kama nyumba iliyotolewa nguzo ya kati. Oregon na Washington waliwafuata wale wa Los Angeles. Arizona, Arizona State, Utah na Colorado wakaenda Big 12. Stanford na California wakapokelewa na ACC, konferensi ambayo jina lake lenyewe linataja pwani ya Atlantiki, ilhali vyuo hivyo viko upande wa Pasifiki. Ni sawa na kuiingiza Kigoma katika ligi ya Mkoa wa Pwani. Hama hiyo ilipokamilika mwaka 2024, Pac-12 ilibaki na timu mbili, Oregon State na Washington State.

Mimi nilikuwa nimekwisha kulipia kadi ya Magharibi ya msimu wa 2024/25 tangu mwezi Aprili, kwa mazoea, bila kufikiri. Nilipokwenda mwanzoni mwa Novemba niliukuta ubao wa Mama ukiwa umefutwa nusu. Ni ubao mweusi wa shule, wenye mstari wa chaki katikati, saa zetu za Kiswahili upande wa kushoto na majina ya konferensi upande wa kulia. Mahali palipoandikwa Pac-12 palikuwa pamepanguswa kwa kitambaa chenye maji, lakini chaki ya miaka mingi haitoki kirahisi, na jina lilikuwa bado linasomeka chini ya unyevu.

Nilimwambia, "Shikamoo Mama. Kadi yangu ya Magharibi sasa inatazama nini?"

"Marahaba, mwanangu. Magharibi imehamia Mashariki. Kaa, tuhesabu."

Na kweli tulihesabu. Alichukua daftari lake la wateja, akaandika timu moja moja na mahali ilipokwenda, kisha akanionyesha michezo ambayo bado ingekuja asubuhi: ya Gonzaga na Saint Mary's, ambao walibaki katika konferensi yao ya Magharibi na msimu huo wakawa wenyeji wa Oregon State na Washington State waliobaki bila makao, na ile ambayo UCLA, USC, Oregon na Washington wangecheza usiku katika viwanja vyao. Iliyobaki ingekuja saa tisa au kumi usiku. Akanipa hiari ya kurudishiwa nusu ya fedha, au kuendelea na kadi moja mpya inayofungua usiku wote. Hakuna aliyemlazimisha kufanya hivyo, kwani kadi haikuandikwa sharti lolote nyuma. Ninalitaja kwa uzito kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimelipia huduma ya kutazama kwa simu, ambayo sitaitaja jina, na michezo ya timu niliyoifuata ilipohamia chaneli isiyokuwa katika kifurushi changu, barua yangu ya malalamiko haikujibiwa hadi leo. Nilichagua kadi mpya.

Sasa nieleze jinsi msimu wenyewe ulivyokuwa, maana ukumbi mzuri haufuti udhaifu wa kinachoonyeshwa. Januari 2025 UCLA walisafiri hadi upande wa pili wa nchi, wakacheza na Maryland, kisha na Rutgers kule New Jersey, ndani ya siku nne, na wakapoteza yote miwili. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey ni karibu kilomita 4,000, umbali usiopungua sana ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Cairo, na hao ni wanafunzi ambao darasa linawasubiri. Nilitazama mchezo wa pili nikiwa nimejifunga kikoi mabegani. Nilichokiona kilikuwa miguu iliyochoka: walinzi wakifika kwa kuchelewa kwenye mtupaji wa pointi tatu, mikono ikiwa chini, hatua moja ikikosekana kila mara. Pale ukumbini walikuwapo vijana wanaocheza ligi ya mkoa, na mmoja wao alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo si timu mbovu, ni timu iliyotoka safarini. Nadhani alisema kweli kuliko wachambuzi wote.

Lakini hasara kubwa kwangu si uchovu, ni watani wa jadi. Kikapu cha vyuo hakina wachezaji bora duniani, kwa kuwa hao wako NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani; utamu wake ni kwamba watu walewale hukutana na watu walewale mwaka baada ya mwaka, nyumbani na ugenini, hadi chuki na heshima vikachanganyika. Msomaji wa Dar es Salaam haelezwi hili mara mbili. Afikirie Simba na Yanga wakigawanywa katika ligi mbili, kisha aambiwe kuwa badala yake atapata mchezo na timu tajiri asiyoijua kutoka mkoa wa mbali. Kansas na Missouri walitenganishwa hivyo mwaka 2012, Missouri walipokwenda SEC, na ikawachukua hadi 2021 kurudisha mchezo wao katika ratiba. Maryland, miongoni mwa waanzilishi wa ACC mwaka 1953, waliihama mwaka 2014 na kuacha nyuma ugomvi wao wa miongo mingi na Duke. Big Ten ya sasa ina timu 18 zinazocheza michezo 20 ya konferensi kila moja, maana yake kila timu hukutana mara mbili na wapinzani watatu tu, na wengine 14 mara moja basi. Ukipoteza nyumbani, hakuna marudiano ya kusubiri. Mteja analipia ligi, lakini anachopata kinafanana zaidi na michezo mingi ya kirafiki iliyopewa msimamo.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba usiku bora kwa Mama ni usiku wa Big East. Konferensi hiyo ina timu 11 tu, kila moja hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, na fainali zake huchezwa Madison Square Garden, New York, tangu 1983. Na kwetu ina maana nyingine. Hasheem Thabeet, kijana aliyezaliwa hapa Dar es Salaam na kusoma Makongo, alicheza katika konferensi hiyo akiwa na UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, kati ya 2006 na 2009, akawa mlinzi bora wa konferensi mara mbili, na mwaka 2009 akashirikiana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Mchezo wa UConn na Syracuse wa Machi 2009, uliokwenda vipindi sita vya nyongeza hadi Syracuse wakashinda 127 kwa 117, ulimalizika New York baada ya saa saba usiku. Hapa kwetu ilikuwa imepita saa mbili asubuhi na watu wako kazini. Wazee wa ukumbi huuzungumzia kana kwamba ulichezwa Don Bosco.

Basi historia ya UConn ndiyo inayonifundisha zaidi kuhusu jambo hili zima. Big East ya zamani ilipogawanyika mwaka 2013, Syracuse na Pittsburgh wakaenda ACC, vyuo saba vya Kikatoliki vikaondoka na jina, na UConn wakaachwa katika konferensi mpya iliyowapeleka Tulsa na New Orleans kucheza na watu wasiokuwa na historia nao. Walitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2014, kisha wakafifia. Baadaye walikubali kulipa dola milioni 17 ili watoke, wakarudi Big East mwaka 2020, na timu yao ya mpira wa miguu ikabaki haina konferensi. Walikichagua kikapu. Mwaka 2023 na 2024 walikuwa mabingwa wa taifa mfululizo. Sidai kwamba kurudi nyumbani pekee ndiko kulikowapa vikombe, kwani walikuwa na kocha hodari na wachezaji wa kiwango cha juu, lakini niliuona ukumbi wa Mama katika usiku wa fainali ya 2024 na ninajua watu walikuwa wakishangilia nini.

Mwezi Machi ukumbi hubandika karatasi ya manila ukutani yenye timu zote 68 za michuano ya taifa, zilizoandikwa kwa kalamu nene na binti yake Mama, ambaye mwandiko wake ni mzuri ajabu. Mwaka 2025 timu 14 kati ya hizo zilitoka SEC peke yake, idadi ambayo konferensi yoyote haikuwahi kuifikia, na karatasi ilionekana kama orodha ya ukoo mmoja. Fainali yenyewe, Florida wa SEC dhidi ya Houston walioingia Big 12 mwaka 2023, ilianza karibu saa kumi usiku wa kuamkia Aprili 8 na ikaisha 65 kwa 63. Viti havikutosha. Nilisimama karibu na jiko kwa saa mbili na sikujuta.

Kuhusu huduma nyingine nitakuwa mfupi. Chai ni ya tangawizi na ni kali, chapati ni laini zikiwa za moto na ngumu baada ya saa kumi na moja, supu ya ng'ombe ni nzuri siku zote. Umeme ukikatika, jenereta huchukua dakika tano, wakati mwingine saba, na katika mchezo wa nusu mbili za dakika ishirini ishirini hizo ni nyingi mno. Mama anunue betri ya kuishikilia projekta. Choo ni safi. Kinadada huja wengi, na usalama wa kurudi nyumbani usiku umepangwa vizuri na madereva wawili wa bajaji wanaosubiri mlangoni.

Kwa atakayelipia kadi, ushauri wangu ni huu. Ikiwa unaweza kuamka saa nane na nusu usiku mara mbili kwa wiki, lipa shilingi 60,000 na uchague usiku wa Big East na wa ACC inapocheza Duke na North Carolina, maana hao bado wanakutana mara mbili. Ikiwa wewe ni mtu wa asubuhi kama nilivyokuwa mimi, usilipie kadi. Njoo na shilingi 3,000 zako siku Gonzaga anapocheza nyumbani. Pac-12 nayo inafufuliwa kuanzia Julai 2026 ikiwa na Gonzaga, San Diego State, Boise State na wengineo, na Mama amekwishaniambia kwamba ubao hataupaka rangi upya mpaka aione ratiba yao. Nimemwomba aniandike jina la kwanza kwenye kadi ya asubuhi.