Kitini cha Uchumi kilichopindua kanuni, na mwalimu asiyetaka kuulizwa

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, nasoma Uchumi wa kidato cha sita usiku baada ya kufunga duka. Sina darasa, kwa hiyo kitini ndicho mwalimu wangu. Kikikosea, hakuna wa kusimama ubaoni akasema "hapo futeni".

Nilinunua notisi zinazouzwa kwenye grupu la WhatsApp: unatuma hela, unapewa PDF, na unaahidiwa mwalimu wa kujibu maswali. Mwanzoni nilifurahi kweli. Sura ya uhaba na gharama ya fursa ni nyepesi na inaeleweka, mitihani ya nyuma imepangwa kwa mada. Siku zile ungeniuliza, ningekwambia nunua.

Kisha nikafika kwenye mnyumbuko wa mahitaji, yaani kipimo cha jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyobadilika bei ikibadilika. Mfano wenyewe ni wa sukari: bei ya kilo inapanda kutoka shilingi 2,000 hadi 2,500, mauzo yanashuka kutoka kilo 100 hadi 90. Yaani bei imepanda asilimia 25, kiasi kimepungua asilimia 10. Katika kugawa, badiliko la kiasi linakaa juu, la bei linakaa chini. Ukiacha alama ya kutoa, jibu ni 0.4. Kitini kimegawa kinyume, kikapata 2.5, kikahitimisha kwamba wanunuzi wa sukari wanakimbia bei ikiguswa tu, na muuzaji atapoteza mapato. Mapato yapi? Kabla alikuwa anapata 200,000, sasa anapata 225,000! Mimi sukari naiuza, naijua. Na si kosa la kidole, maana mazoezi yote ya sura hiyo yamejibiwa kwa kanuni hiyohiyo iliyopinduliwa, hadi swali la nani anabeba mzigo wa kodi, mnunuzi au muuzaji.

Nikauliza kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, naomba uangalie mfano wa sukari, nadhani sehemu imegeuzwa." Akajibu mbele ya grupu zima: "Mdogo wangu, wenzako wanafaulu kwa notisi hizihizi. Kama unajua kuliko mwalimu, andika zako." Nikatuma hesabu ya mapato, mistari miwili tu. Hakuijibu. Akanitoa kwenye grupu.

Kukosea si dhambi, na sura ya kwanza bado naona ni nzuri. Labda angesema tu "asante, nitarekebisha", leo ningekuwa namsifia hapa. Lakini mle ndani wamebaki watu waliojibana kupata ada ya mtihani, na wanakariri 2.5! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hela yangu.

Nikarudi kukagua kurasa nyingine. Sura ya kodi inasema VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 20, kiwango ambacho Tanzania Bara ilikiacha mwaka 2009 iliposhuka hadi 18. Basi hata ile sura niliyoipenda sasa naisoma kwa mashaka.

Msinunue. Nilisema mitihani ya nyuma imepangwa vizuri, ni kweli, ila maswali hayo hata steshenari yanapatikana. Kama umeshalipia, chukua maswali, majibu yake usiyaguse, na mnyumbuko kausome kwingine kabla haujakukaa kichwani.