VLC kwa kazi ya kutoa picha za kuchapisha kutoka kwenye video

Kwa mtu mwenye video ya harusi au mahafali anayetaka picha chache za kuweka kwenye fremu, VLC, programu ya bure ya VideoLAN, inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwenye Windows, ukishasimamisha video, kitufe cha E husogeza mbele picha moja moja, hivyo unaweza kusubiri hadi bibi harusi afumbue macho na mkono wake utulie. Kisha Shift na S huhifadhi picha hiyo katika muundo wa PNG, ambao haupotezi ubora. Kinachokera ni kwamba toleo la 3.0 halina kitufe cha kurudi nyuma picha moja.

Kabla ya kwenda studio, pima ukubwa. Video ya nukta 1920 kwa 1080, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, hutoa picha safi ya inchi 6.4 kwa 3.6, na ya 4K (nukta 3840 kwa 2160) hufika inchi 12.8 kwa 7.2. Tena, video ni pana kuliko karatasi ya inchi 4 kwa 6, kwa hiyo mwombe mchapishaji aache ukingo mweupe, la sivyo waliosimama pembeni watakatwa.

Kanda za zamani za PAL, mfumo wa televisheni wa analojia, zina mistari 576 tu, na kingo za mtu anayetembea hutoka na meno kama ya kitana. Washa Deinterlace, kichujio cha kuondoa meno hayo, kwenye menyu ya Video kabla ya kuhifadhi. Ukungu wa mwendo, hata hivyo, hauondoki kwa njia hiyo, na ni heri kutafuta picha nyingine.