Nyota mbili kwa programu yangu ya saikolojia ya shule (zilikuwa nne)

Nilijizuia kuandika haya mpaka hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika.

Nilisomea saikolojia ya shule Marekani, ngazi ile iliyo kati ya uzamili na udaktari. Orodha ya kozi na ada someni wenyewe kwenye tovuti za vyuo. Kabla ya kuomba nilihakikisha programu imepitishwa na NASP, chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani, nikaona wahitimu wanafaulu Praxis, mtihani wa kupatia leseni, nikajiona mjanja. Swali moja tu sikuuliza: mwaka wa mwisho, shule ya kufanyia mazoezi ananitafutia nani?

Maana huko unakaa darasani miaka miwili, halafu wa tatu unatakiwa ufikishe saa 1,200 kazini, na zisizopungua 600 ziwe ndani ya shule. Bila saa hizo humalizi, hata kama takwimu ulipata A.

Nikaenda kwa mratibu. Nikamsalimu, akaitikia macho yakiwa kwenye kompyuta, akanyoosha kidole kwenye karatasi pembeni ya meza. "Orodha hiyo." Nikauliza kama ipo shule ambayo yeye angenishauri nianze nayo. Akasema, "Mnasomea kazi ya kuongea na watu, halafu kupiga simu mnaogopa?" Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka.

Maneno ningeyameza. Orodha ndiyo iliyonimaliza. Shule ya kwanza ilishafungwa. Namba ya pili ilikuwa ya nyumbani kwa mtu. Akapokea bibi mmoja mpole, akaniambia hiyo si mara ya kwanza kupigiwa. Si mara ya kwanza! Yaani walionitangulia walishamsumbua bibi wa watu, na hakuna aliyejali kuifuta. Ya tatu walinikubali kwa mikono miwili, ila hawakuwa na mwanasaikolojia wa shule wa kunisimamia, kwa hiyo saa zangu zisingehesabiwa. NASP wanapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500, na shule nyingi hata hazikaribii hapo. Msimamizi ni wa kutafuta kwa tochi, na ofisi yenyewe ya kututafutia inatupa karatasi ya enzi hizo.

Lakini nisiwadhulumu. Mwalimu wetu wa upimaji alikuwa mtu wa pekee. Ripoti yangu ya kwanza aliirudisha mara tatu. Alama zote zilikuwa sahihi, ila aliniambia, "Nimefika ukurasa wa tano, bado sijui huyu mtoto anapenda nini." Akatutaka tumsomee ripoti mtu ambaye hajawahi kusoma saikolojia, na asipoelewa, tuandike upya. Mpaka leo, nikikaa na mzazi kumweleza majibu ya mtoto wake, namsikia mwalimu yule kichwani. Kwa ajili yake nilikuwa nimeshaweka nyota nne.

Na ni yeye aliyeniokoa. Alinikuta nimejiinamia kwenye ngazi, akampigia rafiki yake wa zamani, na wiki haikuisha nikawa nimepata shule. Nzuri kweli, wala siwezi kulalamika.

Ila ninavyoandika hili ndivyo damu inavyozidi kuchemka. Je, asingepita pale kwenye ngazi? Mwenzangu mmoja, mwenye akili kuliko mimi, hakuwa na wa kumpigia simu. Akaahirisha mwaka mzima. Programu inamtegemea mwalimu mmoja mwenye huruma, halafu mratibu ananiandikia barua pepe ya hongera: "Tumefurahi kukusaidia kupata nafasi." Nani? Lini? Futeni zile nne.

Juzijuzi mwanafunzi anayesoma pale sasa alinitumia orodha wanayopewa. Shule yangu imeongezwa, iko mwisho kabisa. Namba ya yule bibi bado ipo, ya pili kutoka juu.