Mashine ya boti inazimika njiani: nimejaribu kipima cheche cha taa

Asalaam aleikum, na habari zenu wavuvi wenzangu, manahodha, na mafundi mnaonifuatilia. Leo sina mashine mpya ya kuwaonyesha. Nina kidude hiki hapa, kinaenea kiganjani. Ni kipima cheche. Ncha hii unaichomeka juu ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, ncha hii unaivisha kofia ya waya wa plagi, na hapa katikati, ona, kuna kitaa kidogo. Kila umeme unapopita kwenda kwenye plagi, kitaa kinamweka rangi ya chungwa. Hakina kazi nyingine. Bei yake haifiki petroli ya kujaza tengi la lita 24, na nimekaa nacho msimu mzima wa kusi hapa Kunduchi.

Nakileta kwenu kwa sababu ya ugonjwa mmoja unaonikera kuliko yote: mashine inayozimika yenyewe, halafu baada ya muda inawaka kama haikuwa na kitu. Ukiipeleka kwa fundi akaifunga kwenye pipa la maji, inanguruma vizuri tu. Fundi anakwambia hii nzima, chukua. Ukifika kwenye mkondo, kimya. Mawimbi yanakusukumia mwambani na wewe unavuta kamba mpaka mkono unachubuka. Hilo si jambo dogo, watu wanaacha roho zao.

Kuna mzee mmoja hapa pwani, ana Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15, ile ya kuchanganya oili na petroli. Alikuwa ameshabadilisha plagi. Akaambiwa umeme, akanunua CDI mpya, kile kisanduku kinachotuma umeme wa cheche, kwa pesa ya kukopa. Mashine ikaendelea kuzima vilevile. Nikamwambia baba, tusinunue kitu kingine, twende nayo majini.

Tulifungua kava, nikachomeka vipima viwili, kimoja kwa kila silinda, waya nikaukalisha mbali na flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine. Flaiwili inazunguka wazi pale, mikono na nguo mbali kabisa. Kijana akashika simu akarekodi vitaa na mlio pamoja. Tukakimbia kama dakika kumi na tano, mashine ikaanza kukohoa, ikapanda, ikashuka, ikazima.

Sasa tazameni picha hii, nimeipunguza kasi. Sikilizeni mlio unavyokufa, na muone vitaa. Vinaendelea kumweka, vinapungua kasi taratibu pamoja na flaiwili, mpaka inasimama. Cheche ilikuwepo mpaka mwisho. Maana yake CDI ya zamani haikuwa na kosa. Kama ingekuwa umeme, ungeona vitaa vinapotea ghafla huku flaiwili bado inazunguka. Ndiyo maana nasema rekodi kwa simu, jicho peke yake halikamati. Na upande mmoja tu ukizima, anza na waya na kofia ya plagi ya upande huo.

Basi tukahamia kwenye mafuta. Mashine ilipoanza kukohoa tena, nilibinya ile pampu ya mkono, ile yai la mpira lililo kwenye mpira wa mafuta. Ikaamka. Nikaacha, ikalegea. Hapo unajua petroli haifiki ya kutosha. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tengi ilikuwa wazi, hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza kabisa, ikifungwa tengi linajinyonya mpaka petroli inagoma kutoka. Tukaazima tengi na mpira wake kwa jirani, tukakimbia saa nzima haijazima. Tukarudisha tengi la mzee kwa mpira wa jirani, nzima. Kwa hiyo kosa liko kwenye mpira.

Huu hapa, nimeupasua kwa kisu. Kwa nje ni mzuri, hauna ufa. Angalieni ndani: utando wa ndani umebanduka, unaning'inia kama ulimi. Mashine ikivuta taratibu, petroli inapita. Ikivuta kwa nguvu, ulimi huu unanyonywa, unaziba njia. Ukizima na kusubiri, unarudi mahali pake. Ndiyo maana ikawa inawaka tena na kila mtu akachanganyikiwa. Mzee alinunua mpira mpya wenye kipenyo cha ndani milimita 8, na pampu mpya, mshale ukielekea kwenye mashine, akafunga kwa klempu za chuma kisichoshika kutu. Zile tepe za mpira wa baiskeli tunazofungia zinavutisha hewa, tuziache.

Ingekuwa vitaa vimekatika ghafla, ningeanza na swichi ya kuzimia, ile yenye klipu na kamba ya mkononi. Chumvi ikiingia ndani inaunganisha umeme na bodi ya mashine, mashine inakata. Ukiwa maji ya magotini, chomoa waya wa swichi hiyo, kwenye Yamaha hii ni mweupe, ujaribu, lakini jua kwamba kitufe hakitaizima tena, utaizimia kwa choki, ile ya kubana hewa, au kwa kuchomoa mpira wa mafuta. Ukimaliza kupima, rudisha. Usiende bahari kuu bila kamba hiyo. Na ikiwa inakata ikishapata moto tu, kisha ikipoa inawaka, hapo ndipo koili, ile inayokuza umeme wa cheche, na CDI zinaingia kwenye mashaka.

Ubaya wa kidude hiki nausema pia. Kwanza, juani kitaa hakionekani, nimelazimika kukizibia kwa kanga. Pili, hakipendi maji ya chumvi, kimoja changu kilishika kutu ndani ya wiki tatu kwa sababu sikukifuta. Tatu, na hili ni kubwa, kitaa kinawaka hata cheche ikiwa dhaifu. Kinakwambia umeme umepita, hakikwambii una nguvu kiasi gani. Wala hakijui kama petroli yako ina maji, hiyo mimina kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie, maji utayaona yamejitenga chini.

Pamoja na hayo, nasema nunueni, na kama mashine yako ni ya silinda mbili chukua viwili. Fundi anayekwambia ununue CDI, mwombe akuonyeshe kwanza kitaa kinakatika.

Mzee yule ametoka leo alfajiri na mpira wake mpya. CDI ya zamani ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, ipo chini ya kiti cha nyuma, akiba yake.