Seti ya kufungulia saa, vipande 147: vinavyofanya kazi havifiki kumi

Seti hizi huuzwa mtandaoni bila jina la kampuni, na yaliyomo hutofautiana kidogo kwa kila muuzaji. Idadi kubwa isikutishe wala isikuvutie: zaidi ya vipande mia ni pini za springi za kushikia mkanda. Ukitaka kufufua saa ya kwatsi (ya betri) iliyosimama, utagusa kisu cha kubandulia mfuniko, spana ya mifuniko ya kuzungusha, bisibisi mbili ndogo, kibano, kishikio cha plastiki cha kushikia saa na lenzi ya jichoni. Nyundo ni ya pini za mikanda ya chuma, isisogee karibu na mashine ya saa.

Kisu ni kizuri. Tafuta kijipengo ukingoni mwa mfuniko, ingiza ncha, kisha zungusha kiganja badala ya kusukuma mbele, maana kikiteleza kinaishia kidoleni. Spana inafaa ikiwa meno yake yamekaa sawasawa kwenye vijishimo. Mfuniko uliokazwa sana utaishinda. Bisibisi ndizo dhaifu kuliko vyote. Chuma chake ni laini, na kwenye skrubu nne za saa ya Casio F-91W ncha inaweza kusagika kabla skrubu haijalegea. Nunua moja nzuri pembeni.

Kibano ndicho kinachohitaji tahadhari kubwa. Ni cha chuma, kwa hiyo ukiibana betri juu na chini kwa pamoja unaifanyia shoti. Baya zaidi ni koili, yaani waya uliozungushwa unaoendesha mashine ya saa: waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na iko jirani kabisa na betri. Mkwaruzo mmoja unaukata, na saa iliyokuwa na tatizo la betri tu sasa imekufa kweli. Saa nyingi za wanaoanza huharibikia hapo. Kibano cha plastiki hakimo, nacho ni bei ndogo.

Kitu kingine kisichokuwemo ni multimita, yaani kipima umeme, na bila hiyo unabahatisha. Betri ya SR626SW (namba nyingine 377, kipenyo milimita 6.8, unene 2.6) ikiwa mpya husoma volti 1.55 au zaidi kidogo. Hii ni ya oksidi ya fedha, na hushikilia volti karibu mpaka mwisho, kwa hiyo ikisoma chini ya 1.5 ibadilishe. LR626 ina umbo lilelile na inaingia vizuri, ila ni ya alkali: volti hushuka polepole na huvuja mapema. Wauzaji huzichanganya, soma maandishi mgongoni.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kitufe cha kutegea saa kimesukumwa ndani. Kikiwa nje saa husimama, kwa makusudi. Mshale wa sekunde ukiruka sekunde mbili au nne kwa mpigo, katika saa nyingi ni ishara ya betri kuisha. Ukitetemeka palepale na betri ni mpya, umeme unafika lakini kuna uchafu kwenye gia au mishale inagusana. Usipotikisika kabisa, toa betri, pima koili: kiloomu (ohmu elfu) moja hadi tatu hivi ni kawaida, mita isiposoma kitu, imekatika. Unga mweupe au wa kijani kwenye vishikio vya betri unasuguliwa kwa kijiti kilichochovywa siki kidogo, kisha spiriti, na vishikio vinaachwa vikauke.

Mashine ya bei ndogo kama Miyota 2035 koili ikikatika, fundi hubadilisha mashine nzima. Hapo seti hii inakuachia njiani, kwani nyingi hazina kifaa cha kung'olea mishale wala cha kuirudishia, na kuing'oa kwa kisu kunakwaruza uso wa saa.

Kufunga nako kuna mtego: pengo la mfuniko lilingane na shina la kitufe. Mfuniko usiposhuka kwa vidole gumba, usitumie koleo, kioo hupasuka. Katika saa nyingi betri huingia upande wa chanya juu. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji, ipakwe grisi ya silikoni kidogo, na ikiwa imekakamaa au imekatika, weka mpya. Hata hivyo, bila kipimo cha shinikizo, saa hiyo usiogelee nayo.